Kosa la kiwandani au jeraha la mtaani? Mwongozo wa kuchunguza rupia na shilingi za fedha

Sarafu za fedha za zamani bado hujitokeza Tabora, Ujiji na Kigoma mjini: rupia ya India yenye sura ya Malkia Victoria, rupia ya Mjerumani, shilingi ya simba ya enzi ya Mwingereza, na mara chache riale ya Maria Theresa. Misafara ilileta nyingi, na reli ya kati ikaongeza nyingine ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo zimevaliwa shingoni, zimegongwa na masonara, zimeungua pamoja na nyumba, zimefukiwa, zimelazwa juu ya reli na watoto watundu. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hii ina kosa la kiwandani" na kupandisha bei, mara nyingi sarafu hiyo iliumia baada ya kutoka kiwandani. Kosa la kweli lina wanunuzi wake wanaolilipia. Jeraha huishusha sarafu hadi karibu na bei ya fedha ya kuyeyusha.

Sarafu inavyopigwa

Bila kuelewa hili, hatua zote zinazofuata zitakuwa za kubahatisha.

Bamba la fedha hupitishwa kati ya magurudumu ya chuma mpaka lifikie unene unaotakiwa, kisha hukatwa visahani vya mviringo. Kila kisahani hubanwa pembeni ili ukingo wake unyanyuke kidogo. Halafu huwekwa ndani ya pete ya chuma yenye meno, kati ya mihuri miwili, wa juu na wa chini. Mashine hupiga mara moja. Kwa nguvu hiyo fedha hutiririka na kujaza mashimo ya mihuri yote miwili, na pembeni hujaza meno ya pete. Ile mistari midogo unayoisikia kwa kucha ubavuni ni alama ya pete hiyo.

Kosa basi lina milango mitatu tu: kisahani kilikuwa kibovu, muhuri ulikuwa mbovu, au mpigo ulikwenda vibaya. Ajabu yoyote unayoiona lazima uieleze kwa mojawapo ya hayo. Ukishindwa, ihesabu kuwa jeraha. Na kwa kuwa sura mbili na ubavu huumbwa kwa mpigo mmoja, kosa kubwa upande wa mbele karibu kila mara litaacha alama nyuma au ubavuni. Hapo ndipo waongo hukamatwa, kwa sababu wanayemdanganya huwa anatazama upande mmoja tu.

Hapa tunaposema ukingo, tunamaanisha ule mduara ulioinuka kuzunguka uso wa sarafu. Ubavu ni unene wake wa pembeni. Uwanja ni sehemu tambarare isiyo na michoro.

Vifaa

Mizani ya kidijitali ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Kalipa ya kupimia kipenyo na unene. Ikiwa ni ya chuma, bana kwa wepesi isikwaruze. Lenzi inayokuza mara 10. Kuzidi hapo unaanza kuona ajabu katika kila sarafu. Tochi ndogo. Sumaku. Kitambaa laini cha kuwekea juu ya meza. Na kifaa kinachosahaulika kuliko vyote: sarafu nyingine nzima ya aina ileile, au picha yake iliyo wazi, ya kulinganishia. Huwezi kujua kilichokosekana kama hujui kilichopaswa kuwepo.

Usiisafishe. Majivu, ndimu, dawa ya meno na brashi ya waya hufuta ushahidi wote unaoutafuta. Kama ina mafuta au uchafu wa mkono, iloweke dakika chache kwenye asetoni safi, mbali na jiko na taa ya moto, kisha iache ikauke yenyewe.

Mizani kabla ya lenzi

Pima uzito kwanza, kabla jicho halijaanza kupenda sarafu.

Rupia ya India ya Victoria na rupia ya Mjerumani zina uzito mmoja: gramu 11.66, fedha asilimia 91.7, kipenyo karibu milimita 30.5. Nusu rupia ni gramu 5.83, robo ni 2.92. Rupia mbili za Mjerumani, za 1893 na 1894, ni gramu 23.32. Florini ya Afrika Mashariki ya 1920 nayo ina 11.66, ila nusu yake tu ndiyo fedha. Shilingi ya simba ya kuanzia 1921 hadi 1946 ni gramu 7.78 na milimita 27.8, fedha robo tu, na thumni yake (senti 50) ni gramu 3.89 na milimita 21. Shilingi za 1948 hadi 1952 hazina fedha hata kidogo. Ni shaba na nikeli. Riale ya Maria Theresa ni gramu 28.07, fedha asilimia 83.3, na zote zimeandikwa 1780 hata zile zilizopigwa jana.

Uchakavu hupunguza uzito, na rupia iliyopita mikononi miaka mingi kuwa na gramu 11.4 si jambo la kushangaza. Lakini uchakavu huonekana. Sarafu yenye michoro mikali na uzito wa gramu 10.5 inakudai maelezo.

Maelezo yanaweza kuwa kisahani chembamba. Bamba likibanwa kupita kiasi, kisahani hutoka na kipenyo kamili lakini fedha haitoshi kujaza mashimo ya ndani kabisa ya muhuri, kwa hiyo sehemu zilizoinuka zaidi, yaani nywele za malkia au manyoya ya simba, hutoka hafifu huku mistari ya ubavuni ikiwa mizima. Asidi hufanya kinyume. Hula kila mahali kwa pamoja: herufi hukonda, uwanja hupata vitundu, kipenyo hupungua na mistari ya ubavuni hulainika. Ukiona herufi zimekonda pamoja na ukingo uliokonda, hiyo ni asidi, au udongo mkali uliofanya kazi ya asidi.

Uwezekano mwingine ni kisahani cha sarafu nyingine kuingia kwenye mashine. Hapo uzito lazima uangukie kwenye kipimo kinachojulikana. Shilingi iliyopigwa juu ya kisahani cha thumni itakuwa karibu gramu 3.89. Ikiwa na gramu 5.2, hakuna kisahani cha hivyo, kuna aliyeipunguza.

Sumaku ikishika, ishia hapo. Fedha na shaba hazishikwi.

Tukiwa bado kwenye suala la madini: shilingi ya simba iliyochakaa mara nyingi hugeuka njano au nyekundu kwenye sehemu zilizoinuka. Hiyo si sarafu iliyopigwa kwenye madini yasiyo yake. Ni aloi yenye fedha robo tu, na ngozi yake nyeupe ikilika, shaba huonekana.

Zungusha ubavu

Shika sarafu kwa vidole viwili na uizungushe taratibu chini ya lenzi, mzunguko mzima. Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayomaliza kesi nyingi kuliko zote.

Mistari ikiwa imepotea pande zote, kuna hadithi tatu. Ya kwanza ni kosa halisi: sarafu ilipigwa ikiwa nje ya pete, fedha ikatapakaa bila kizuizi. Kipenyo chake kitakuwa kikubwa kuliko kawaida, ubavu laini, uzito kamili, na herufi hazikubanwa popote. Ya pili ni sarafu iliyogongwa ubavuni kwa nyundo ndogo au kijiko ili igeuzwe pete ya kidoleni. Hiyo hunenepa ukingoni, ukingo hujikunja kuelekea ndani na kuzimeza herufi, na kipenyo hupungua. Kipenyo kimepungua na ukingo umenenepa: hakuna mashine ya sarafu inayofanya hivyo. Ya tatu ni ya reli. Gurudumu la behewa huivuta sarafu upande mmoja, ikawa ya yai, nyembamba, herufi zikiwa zimeburutwa kuelekea kulekule.

Sasa tafuta saa kumi na mbili, yaani juu kabisa ya kichwa cha mtawala. Rupia nyingi za huku zilitiwa kikuku cha kuning'inizia. Kikuku kikitolewa hubaki doa la kijivu la risasi ya kulehemu, mistari iliyolala, au alama ya tupa. Wakati mwingine alama iko saa sita pia, kwa sababu kidani kilikuwa na kishaufu chini. Kama mwenye sarafu ni mtu mzima, muulize kwa adabu: "Shikamoo mama, hii ilikuwa ya kuvaa?" Jibu lake laweza kukuokolea nusu saa ya lenzi.

Mstari mwembamba unaozunguka katikati ya unene, au ndani ya ukingo wa upande mmoja, ni mshono. Sarafu hiyo imemiminwa kwenye kalibu, au ni nusu mbili zilizounganishwa. Hivyo ndivyo zinavyotengenezwa sarafu za "vichwa viwili".

Tundu halihitaji mjadala mrefu. Sarafu za shaba za Afrika Mashariki, senti 1, 5 na 10, zilitobolewa kiwandani kwa makusudi, na ndivyo zilivyokuwa baadhi ya hela (Heller), sarafu ndogo za Mjerumani. Za fedha tulizozitaja hapa hazikutobolewa. Tundu la msumari lina mdomo uliovimba upande mmoja. La keekee ni safi na lina mistari ya duara ndani. Lililo la hatari ni tundu lililozibwa: tafuta kiduara chenye rangi tofauti kidogo, na herufi moja isiyofanana na dada zake.

Kipande kilichokosekana

Hapa ndipo penye pesa nyingi na udanganyifu mwingi, basi tutulie.

Bamba likikosa kusogea vya kutosha, kisu cha duara hukata juu ya tundu la kisahani kilichotangulia, na kisahani kipya hutoka kikiwa na kipengo cha mviringo, kama mkate ulioumwa. Kwa rupia, kipengo chenye kina cha milimita 3 huondoa karibu gramu 0.4. Ukiikuta rupia yenye kipengo cha namna hiyo ikiwa na gramu 11.6, simama; hesabu hiyo haiendi.

Angalia mambo manne kwa mpangilio.

Kwanza, herufi zilizo karibu na kipengo. Kisahani kilikuwa tayari kimepungua kilipopigwa, kwa hiyo fedha ilipata pa kukimbilia. Herufi hufifia na kujivuta kuelekea kwenye pengo. Mtu akikata kwa msumeno baadaye, herufi hukatika kama kwa wembe, nusu yake ikiwa na ukali wake wote.

Pili, ukingo ulio mkabala kabisa na kipengo, upande wa pili wa kipenyo. Kisahani kilipobanwa pembeni ili ukingo unyanyuke, penye pengo hapakuwa na cha kubana, kwa hiyo mkabala wake nako msukumo ulipungua. Ukingo hapo huwa mwembamba au haupo. Wataalamu huiita athari ya Blakesley. Haitokei kwenye kila kipengo halali, lakini ikiwepo ni ushahidi mzito, maana mwenye tupa hawezi kuitengeneza bila kuacha alama nyingine.

Tatu, uso wa kipengo chenyewe. Halali huwa laini au umechanika kidogo, bila mistari ya pete na bila mikwaruzo sambamba. Tupa huacha mikwaruzo inayokwenda upande mmoja. Mkasi wa bati huacha mdomo uliokunjamana upande mmoja.

Nne, rangi. Sarafu nyeusi ya ukongwe yenye kipengo cheupe kinachong'aa inajieleza yenyewe. Ila usitegemee rangi peke yake. Kuna wanaojua kuiweusha fedha.

Mistari, vinundu na magamba

Zima taa ya juu, laza tochi karibu na usawa wa meza, na utazame kila mstari wa ajabu. Swali ni moja: umeinuka au umezama? Jicho hudanganyika kirahisi hapa, kwa hiyo tumia kivuli. Chagua herufi iliyo jirani, ambayo unajua imeinuka, uone kivuli chake kimeanguka upande gani. Kivuli cha mstari kikianguka upande uleule, umeinuka. Kikianguka upande wa tochi, umezama. Zungusha sarafu robo mzunguko, urudie.

Mstari ulioinuka, wenye kupindapinda, unaotoka ukingoni na kupita katikati ya herufi, ni ufa wa muhuri: chuma kilipasuka na fedha ikaingia kwenye ufa. Hilo ni kosa la kweli, ingawa ni la kawaida na peke yake haliongezi bei sana. Mstari uliozama ni mkwaruzo, hata uwe mzuri kiasi gani.

Kuna pia mistari myembamba iliyoinuka, mingi, sambamba, kwenye uwanja tu. Hiyo ni ya kusugua muhuri kiwandani. Itambue kwa kuwa hukoma inapofika kwenye herufi, kwa sababu kwenye muhuri herufi ni mashimo na jiwe la kusugulia halikufika ndani. Mikwaruzo ya kusafishia sarafu huzama na kupanda juu ya herufi bila kujali.

Kinundu kikubwa ukingoni, kilichomeza herufi mbili tatu, chaweza kuwa kipande cha muhuri kilichomeguka. Geuza sarafu. Mahali palepale upande wa pili pawe hafifu, kwa kuwa fedha ilikimbilia kwenye pengo la muhuri na haikubaki ya kutosha kujaza upande wa nyuma. Upande wa pili ukiwa mkali kama kawaida, hilo ni tone la risasi lililoachwa na sonara. Risasi huwa na rangi ya kijivu na hulala juu ya herufi badala ya kuchukua nafasi yake.

Gamba lililobanduka hutokana na uchafu au hewa iliyonaswa ndani ya bamba. Likibanduka kabla ya mpigo, ndani ya shimo utaona michoro hafifu. Likibanduka baadaye, utaona uso mkavu wenye nyuzinyuzi zinazoelekea upande mmoja, ule ambao bamba lilivutwa. Shimo la patasi au jiwe halina nyuzi hizo. Lina mdomo uliovimba, maana kitu kilichogonga kilisukuma fedha pembeni bila kuiondoa. Pitisha ncha ya kijiti cha meno taratibu: ikikwama kwenye mdomo, ni pigo. Vipovu vya mviringo vilivyotapakaa hovyo, pamoja na michoro iliyolegea, ni moto.

Alama ndogo za muhuri wa mkono, nyota au vijishimo kwenye rupia za India, zilipigwa na wabadilisha fedha waliokuwa wakihakiki madini. Si kosa la kiwandani. Geuza na utaona upande wa pili umebanwa. Wapo wanaozipenda kwa historia yake, lakini hiyo ni bei nyingine.

Herufi za kinyume

Ukiona maandishi yaliyozama, yanayosomeka kwenye kioo tu, usikimbilie kununua. Sababu halali ni mbili. Sarafu iliyopigwa inaweza kung'ang'ania kwenye muhuri, na kisahani kinachofuata kikapigwa na sura yake: upande mmoja utakuwa wa kawaida, na upande mwingine utakuwa na sura ileile, imezama na kugeuka. Au mihuri iligongana bila kisahani katikati, ikaachiana michoro. Hapo huona muhtasari hafifu tu, kama mstari wa shingo na kidevu, ukitokea nyuma ya michoro halali.

La bandia hutengenezwa kwenye jiliwa, kwa kubana sarafu mbili pamoja. Michoro ya awali hubaki chini, imelala, na herufi ngeni zimezama juu yake. Geuza: upande uliogusa taya za jiliwa utakuwa umepondeka. Katika kosa halisi la sarafu iliyong'ang'ania, upande wa pili ni mkali na mzima.

Herufi zenye kivuli pia husumbua. Muhuri uliochongwa mara mbili hutoa herufi zenye ncha zilizogawanyika, na nakala zote mbili ni za mviringo na zina mwili. Muhuri uliotetereka wakati wa mpigo hutoa ngazi bapa pembeni ya herufi, na herufi yenyewe hukonda. Hii ya pili haiongezi bei.

Herufi iliyopotea

Grisi na vumbi hujaza shimo la muhuri, herufi ikatoka hafifu au isitoke. Uwanja hapo hubaki na usawa uleule na ngozi ileile. Herufi iliyofutwa huacha bonde dogo na mikwaruzo. Lielekeze kwenye mwanga wa pembeni utaliona. Na kabla ya kushangilia shilingi ya Afrika Mashariki isiyo na alama ya kiwanda, kumbuka kwamba H ni Birmingham, SA ni Pretoria, I ni Bombay, na zilizopigwa London hazikuwekwa herufi. Kutokuwepo kwake ndiyo hali yake.

Sura mbili zisizolingana kwa mwelekeo ni kosa jepesi kuthibitisha. Rupia ya Mjerumani na shilingi ya Afrika Mashariki zimepigwa pande zote zikiwa wima pamoja: shika juu na chini, izungushe kulia, na sura ya nyuma isimame wima. Ikilala, muhuri ulizunguka, na hakuna nyundo inayoweza kufanya hivyo. Kinachobaki ni kutafuta mshono ubavuni.

Hela 20 za Tabora ni za peke yake

Wakazi wa Tabora wataulizia hela 20 za 1916 zenye herufi T, zilizopigwa kwenye karakana ya reli ya Lulanguru wakati wa vita. Si za fedha. Ni za shaba ya manjano au nyekundu, na zilitengenezwa kwa haraka na vifaa vya karakana. Nyufa za muhuri, mipigo hafifu na michoro iliyohama katikati ni mambo ya kawaida kwake. Kwa sarafu hizo wakusanyaji hutazama zaidi ukubwa wa taji na mkia wa herufi L kwenye neno HELLER. Asikuuzie mtu ufa wa hela ya Tabora kwa bei ya ajabu.

Kabla ya kutoa pesa

Piga picha tano: mbele, nyuma, ubavu mahali penye tatizo, ubavu wa mkabala, na sarafu ikiwa juu ya mizani namba zikisomeka. Mwanga utoke pembeni. Mnunuzi makini au mtaalamu wa mbali hahitaji zaidi ya hizo ili akujibu, na muuzaji anayekataza picha ya ubavu ameshakujibu.

Ukibaki na shaka, nunua kwa fedha iliyomo. Rupia kamili ina gramu 10.69 za fedha safi, riale ya Maria Theresa 23.4, shilingi ya simba 1.94 tu. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo kwa sonara, utoe gharama yake ya kuyeyusha, na usivuke hapo.